Kikikatwa Kinakaa Wapi?

Walimwita Mkasi, na jina hilo lilimganda mpaka watoto wa jirani wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpangaji kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji kilichotoa gazeti la kila wiki, na siku zile, kabla kompyuta hazijaingia, kupanga kurasa ilikuwa kazi ya mkasi na gundi kwelikweli. Habari zilitoka kwenye mashine zikiwa mikanda mirefu ya karatasi. Mkasi aliikata vipande, akavipaka gundi mgongoni, akavibandika juu ya karatasi nene ya ukurasa, kwenye meza ya kioo iliyowaka taa chini yake. Habari ikiwa ndefu, aliipunguza mkia. Ikiwa fupi, alitafuta tangazo la kuziba pengo. Neno likikosewa, alilitafuta lililo sahihi kwenye mabaki, akalikata, akalishika kwa ncha ya wembe na kulibandika juu ya lile bovu, amebana pumzi kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

Kazi ile ilimfunza kutoamini kitu. Alisema kipande cha karatasi kina miguu. Ukikiweka hapa na kugeuka, kimeshaondoka. Kuna siku alitafuta mstari mmoja wa tangazo la kifo asubuhi nzima. Alipekua pipa la taka, akakung'uta gauni lake, akawageuzia wenzake mifuko, na mwishowe mstari ukakutwa umenata kwenye soli ya kiatu cha Miwani, yule mzee aliyesoma kurasa na kusahihisha makosa kabla hazijachapwa. Miwani alicheka mpaka akapaliwa. Mkasi hakucheka. Kwa siku kadhaa alimwangalia mzee wa watu kwa jicho la pembeni, akijiuliza kama mstari ule ulikwenda wenyewe au ulipelekwa.

Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Alinusa maziwa kabla ya kuyachemsha, akayanusa tena baada ya kuyachemsha. Akishafunga mlango, alirudi kuusukuma. Mumewe, fundi cherehani asiyependa makelele, alizoea.

"Mama Watoto," alimwambia, "wewe ukikutana na kivuli chako utakiuliza kimetoka wapi."

"Na kisiponijibu, ndani hakiingii."

Kompyuta zilipoletwa kiwandani, alikuja pia mwalimu wa kuwafundisha, binti mrefu mwenye sauti ya taratibu. Aliwakusanya mbele ya mashine moja, akaipaka sentensi rangi kwa kipanya, akabonyeza, sentensi ikatoweka. Akasogea chini, akabonyeza tena, sentensi ikajitokeza hapo.

"Hii inaitwa kukata," alisema. "Na hii ni kubandika. Ukitaka ya kwanza ibaki palepale, unanakili."

Wafanyakazi wote wakageuka kumtazama Mkasi.

"Mwalimu," Mkasi akasema, "hayo maneno ni yangu. Nani kayapeleka huko?"

Binti alicheka. Akaeleza kwamba waliobuni kompyuta za kuandikia waliwajua wahariri na wapanga kurasa, watu wa mkasi na gundi, na hawakuona haja ya kuhangaika kutafuta maneno mapya. Walichukua yaleyale ya mezani wakayaingiza kwenye mashine. "Kwa hiyo mama, kazi ni ileile yako. Kilichoondoka ni gundi tu."

Mkasi alitafakari. Kisha akauliza swali lililowafanya wenzake waanze kuguna.

"Nikikata, kabla sijabandika, kile kipande kinakaa wapi?"

"Kinakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, mama. Kinakusubiri."

"Nakiona?"

"Hukioni. Mpaka ukibandike."

"Na nikikata kingine kabla sijakibandika cha kwanza?"

"Cha kwanza kinafutika. Hapo pana nafasi ya kitu kimoja tu."

"Kwa hiyo inachukua mali yangu, inaificha, na nikichelewa inaitupa bila kuniambia."

"Mama," binti alisema kwa upole, "si mtu huyo. Ni mashine."

Mkasi hakuridhika. Karatasi hata ikipotea ipo mahali, mezani, sakafuni au chini ya kiatu cha mtu. Hiki kitu kilichokatwa na kisionekane, yeye alikihesabu kama kitu kilichoibwa. Kwa hiyo alijitungia taratibu zake. Hakukata kamwe. Alinakili, akabandika pale alipotaka, akasoma neno kwa neno kuona kama chote kimefika, ndipo akarudi kufuta cha kwanza. Habari kubwa aliibandika pia kwenye ukurasa mtupu wa pembeni, iwe akiba. Na kwa kuwa kompyuta ile aliitumia pamoja na mwenzake, kila alipoketi alifungua ukurasa mtupu na kubandika kwanza, kabla hajagusa kitu, ili aone kilichosahaulika humo. Ni kama mtu anayekung'uta kiatu kabla ya kutia mguu.

Mwenzake huyo alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alisimulia akiwa anapiga chapa, akiwa anakula, na mume wa Mkasi aliapa kwamba husimulia hata usingizini. Aliishi nao, kwenye chumba cha uani, na ndiye aliyepika jioni. Mkasi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Asubuhi Chiriku aliketi kwenye kompyuta akiandika matangazo madogo na barua za wasomaji, na ukurasa wa matangazo aliupanga mwenyewe. Mchana alimwachia Mkasi kiti, kikiwa bado na joto, ili apange kurasa nyingine.

Mchana mmoja Mkasi aliketi, akafungua ukurasa mtupu, akabandika. Yakatokea maneno haya:

Kiwanda cha uchapaji kinatafuta mpangaji kurasa hodari, mwepesi wa kutumia kompyuta. Asiwe na umri mkubwa. Awe tayari kuanza kazi mara moja.

Aliyasoma, akayasoma tena. Mji mzima ulikuwa na kiwanda kimoja cha uchapaji, na kiwanda hicho kilikuwa na mpangaji kurasa mmoja. Alitazama nyuma. Miwani alikuwa amesinzia juu ya prufu, zile kurasa za kusahihishwa. Chiriku alikuwa dirishani anamimina chai, na, jambo ambalo Mkasi hakuwahi kuliona tangu amjue, alikuwa kimya.

Mkasi akafuta. Akaanza kazi.

Kuanzia hapo kila jambo likawa ishara. Bosi, mwanaume mnene aliyekohoa kabla ya kila sentensi, alipita mezani kwake bila kukohoa. Mlango wa ofisi uliokuwa ukiachwa wazi ukawa unafungwa. Miwani akamuuliza, "Mama, hujachoka na kazi hii?" na Mkasi akamjibu, "Nani kasema nimechoka?" kwa sauti iliyomfanya mzee aangushe kalamu. Chiriku naye, kila bosi alipoingia, aliinamisha kichwa kama anatafuta sindano kwenye kibodi.

Kule kubandika kwanza, ambako kulikuwa tahadhari, sasa kukawa upelelezi. Mkasi alifika mapema, akasubiri Chiriku ainuke, akaketi na kubandika upesi aone nyayo alizoacha mwenzake. Siku nyingine alipata matokeo ya mpira. Siku nyingine dawa ya chunusi. Tangazo lile alilikuta tena wiki iliyofuata, neno kwa neno. Halafu akakuta hiki:

Nimemvumilia vya kutosha. Kila kitu anakitilia shaka, hata chakula ninachompikia.

Hapo damu ilimpanda kichwani.

Jioni ile Chiriku alipopakua, Mkasi alisukuma sahani. "Tumbo halipo sawa." Akaenda jikoni akajichemshia mayai, akayamenya mwenyewe, kwa sababu yai halitiwi kitu bila ganda kuonyesha. Kesho yake mayai. Keshokutwa mayai. Mumewe akamfuata chumbani.

"Unamfanyia nini dada yangu?"

"Muulize yeye ananifanyia nini."

Akamweleza yote, kwa kunong'ona, mkono mdomoni. Mumewe alisikiliza huku akikunja kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kukunjwa.

"Yule nimemlea mimi," alisema mwishowe.

"Sijasema hukumlea."

"Hawezi."

"Yameandikwa, Baba Watoto. Nimeyasoma kwa macho yangu."

"Umeyasoma wapi? Kwenye gazeti?"

"Kabla hayajafika kwenye gazeti."

"Basi hayajaandikwa," alisema mumewe, akageukia ukutani. Ndoa yao haikuwa na desturi ya kupeana migongo, na Mkasi aliongeza hilo kwenye hesabu ya makosa ya Chiriku.

Aliyelipasua jipu ni Chiriku mwenyewe. Alimfuata Mkasi kwenye stoo ya karatasi, akafunga mlango, akaegemea marobota.

"Wifi, una nini na mimi? Chakula changu hukili. Nikikusalimia unaitikia kwa pua. Kaka naye ananitazama kama mgonjwa. Nimekukosea nini?"

"Anza wewe," Mkasi alisema. "Wewe una nini na kazi yangu?"

Chiriku alibadilika rangi, na Mkasi akaona, akajua hakukosea. Akamtolea yote: alivyokuwa akibandika, alivyokuta tangazo, alivyolikuta tena, na yale ya kumvumilia vya kutosha.

"Nimekuvumilia?" Chiriku alishangaa. "Wifi, ile ni barua ya msomaji! Mama mmoja analalamika kuhusu mumewe. Imetoka wiki iliyopita kwenye safu ya ushauri. Ukurasa ule umeupanga mwenyewe!"

Mkasi alikumbuka. Ni kweli aliupanga. Lakini mpangaji hasomi, anapima. Barua ile kwake ilikuwa na urefu wa kiganja tu.

"Na tangazo? Nalo la msomaji?"

"La bosi." Sauti ya Chiriku ilishuka. "Analiingiza mwenyewe kwenye faili langu jioni mkishaondoka. Aliniambia nisimwambie mtu, ukurasa ukitoka umetoka. Mimi nikawa nalikata."

"Ulikuwa unalinakili. Nimelikuta mimi."

"Nilikuwa nalikata, wifi! Nalikata, napanga ukurasa bila hilo, gazeti linatoka. Akiniuliza, nasema nafasi ilijaa, au faili lilileta matatizo. Sasa kama linabaki kwenye mashine nitafanyaje? Nilijua kuna mtu anakuja kuchungulia nyuma yangu?"

Mkasi alisimama palepale. Katika karatasi angejua. Kitu kikikatwa kwenye karatasi kinaacha tundu, na mwenye macho analiona tundu. Kwenye mashine, kilichokatwa na kilichonakiliwa hukaa mahali pamoja, vimevaa nguo moja, na ukikikuta hakikuambii kilikuwa kinatolewa au kinaingizwa. Haya aliyaelewa mara moja. Lakini kuelewa kwake ni kitu kimoja, kuamini ni kingine.

"Nitahakikisha," alisema.

Chiriku alimtazama kwa muda, machozi yanamlengalenga. "Hakikisha," alijibu, akafungua mlango akatoka.

Asubuhi iliyofuata Mkasi aliwahi kabla ya wote, mfagiaji bado anamwagia sakafu maji. Akafungua faili la matangazo. Lilikuwepo, juu kabisa, limeandikwa kwa herufi nene, na safari hii limeongezewa mstari: Lisikose kutoka wiki hii. Alikuwa bado analitazama Chiriku alipofika. Hawakusalimiana. Chiriku alisogeza mkono kwenye kipanya, na Mkasi akaushika.

"Leo usilikate."

"Wifi, likitoka wewe umekwisha."

"Na lisipotoka umekwisha wewe. Tutakuwa wawili nyumbani tunatazamana, na mimi na wewe hatutazamiki." Akainuka. "Liache hapohapo."

Alikwenda ofisini, akabisha, akaingia kabla hajaitikiwa. Bosi alikohoa.

"Tangazo lako nimeliona," Mkasi alisema. "Lina kosa la nafasi mbili kati ya maneno mstari wa pili, nimelirekebisha. Litatoka. Nimekuja kuuliza kwa nini nilisome kwenye kompyuta badala ya kulisikia kwako."

Bosi alikohoa tena, ingawa hakuwa na cha kukohoa. Alipanga kalamu zake. Alipoona Mkasi hatoki, akasema:

"Mama, unachelewesha gazeti. Kila kitu unakibandika mara mbili. Ukurasa wa kumaliza mchana unaufikisha jioni."

"Gazeti halijawahi kutoka na kosa langu."

"Halijawahi. Lakini limewahi kutoka kesho yake."

Hilo lilimwingia. Alijua ni kweli. Wauza magazeti walishamlalamikia mpaka uso kwa uso. Akabaki amesimama, na bosi, pengine kwa kuona amegonga mahali panapouma, akaharakisha:

"Na si kwamba nilitaka kukutupa. Miwani macho yamemwisha. Nilikuwa nafikiria wewe uchukue kiti chake. Kusoma, kusahihisha. Mtu asiyeamini kitu ndiye anayefaa pale."

"Ulikuwa unafikiria tangu lini?"

"Tangu... kwa muda."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa natafuta namna."

Jibu lilikuja haraka mno, kama shati la kwanza lililochomolewa kabatini na mtu aliyesikia hodi. Mkasi alifungua mlango akamwita Miwani. Mzee akaja anapapasa.

"Mzee, eti unaondoka?"

"Nimeomba kupumzika tangu mwaka jana," Miwani alisema, akimtafuta bosi kwa macho. "Sijajibiwa."

Nusu ya maneno ya bosi basi ilikuwa kweli. Nusu nyingine, ile ya kwamba kiti kile kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili yake, Mkasi hakuwahi kujua ukweli wake, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hajui. Aliomba akabidhiwe kazi palepale, mbele ya Miwani awe shahidi, na bosi akakubali huku akifuta shingo.

Kazi mpya ilimfaa kuliko alivyotarajia. Kutwa alikaa na kalamu nyekundu akiyatilia shaka maneno ya watu wengine, na jioni alirudi nyumbani amepungukiwa na shaka ya kuwatilia wa nyumbani. Chakula cha Chiriku alianza kukila tena. Lakini kuomba radhi hakukumjia mdomoni. Alinunua sufuria mpya akaiweka mlangoni mwa chumba cha uani bila kusema neno. Chiriku aliitumia, akaiosha, akairudisha kabatini, na kwa muda mrefu mazungumzo yao yalikuwa ya "chumvi ipo?" na "mvua hiyo, anua nguo". Nyumba ile iliyozoea kelele ikawa kama chumba cha kusubiria daktari. Mumewe ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuwa akifungulia redio hata asipoisikiliza.

Tangazo lilitoka, waombaji wakaja. Bosi aliwajaribu mmoja mmoja, na mwisho akaamua kazi apewe Chiriku.

Chiriku hakuikubali siku ile. Alikwenda kwanza chumba cha prufu, akasimama mlangoni.

"Amenipa nafasi yako. Nimemwambia nitakuuliza."

Mdudu wa shaka aliinuka kifuani mwa Mkasi, mnene, mwenye afya. Kwa hiyo haya yote. Kwa hiyo kukata kule kulikuwa kuzuia wengine wasiombe. Aliyapanga mambo upya, yakapangika vizuri ajabu. Kila kipande kilikaa kwenye nafasi yake. Kisha akakumbuka kwamba hata barua ya mama wa watu dhidi ya mumewe ilikuwa imekaa vizuri vilevile.

"Niulize," alisema.

"Niichukue?"

"Uliitaka?"

"Sikuitaka. Sasa naitaka."

Mkasi alilipenda jibu hilo kwa sababu halikuwa zuri. "Ichukue," alisema. "Na kiti kile kina mguu mbovu wa kushoto, usiegemee sana."

Chiriku ni mwepesi, hilo hakuna anayelikataa. Anakata, anabandika, hatazami nyuma, na gazeti siku hizi linatoka siku yake. Huwa anachukua ukurasa wa wiki iliyopita, anaunakili wote, kisha anabadilisha majina. Mwezi uliopita Mkasi alikuwa akisoma prufu ya matangazo ya harusi, akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Bibi harusi alikuwa wa wiki hii. Bwana harusi alikuwa wa wiki iliyopita, na tayari alikuwa ameoa.

Aliichukua karatasi akapita mbele ya mlango wa bosi, uliokuwa wazi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta. Akaiweka mezani na kidole juu ya kosa. Chiriku aliinama, akasoma, akashika kichwa.

"Yesu wangu! Bosi ameona?"

"Bado."

"Utamwambia?"

"Nimwambie nini? Mrudishe tu huyo kwa mkewe kabla hajaanza kutafutwa."

Chiriku alianza kucheka, na akishaanza huwa hakomi. Alicheka huku akifuta jina na kuandika jingine, akaanza kusimulia habari ya shoga yake aliyewahi kualikwa harusi ya watu asiowajua akala mpaka mwisho, na alikuwa bado anasimulia Mkasi alipoketi kwenye kona ya meza kumsikiliza, akiwa na shaka kwamba sehemu kubwa ya habari ile ilikuwa ya kutunga.